James Parkinson: daktari aliyetazama wazee wakitembea, na mkono wa babu yangu

Leo naomba mnivumilie, niache kidogo mambo ya siasa na bei ya tumbaku, nizungumzie mtu aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita. Najua kuna watakaouliza Mzungu wa London wa enzi za wafalme anatuhusu nini sisi wa Ulyankulu. Anatuhusu sana. Jina lake liko kwenye karatasi ya hospitali ya babu yangu, na kwa miaka minne kabla ya karatasi hiyo kuandikwa hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekuwa amelisikia.

Kwa wasiopajua, Ulyankulu iko wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora. Zamani ilikuwa nchi ya mtemi Mirambo, na misafara ya pembe na watumwa ilikatiza pande hizi ikitoka Ujiji kwenda pwani. Mwaka 1972 yakaanzishwa makazi ya watu waliokimbia mauaji Burundi, na babu yangu aliingia mwaka huohuo, kijana mwenye mke, watoto wawili na jembe. Akafyeka pori, akajenga bani, akalima tumbaku na mahindi mpaka akasomesha watoto. Nyumbani tunamwita sogokuru. Ni mzee wa kanisa, hajawahi kulewa mbele ya wajukuu.

Ugonjwa ulianza na kidole gumba cha mkono wa kulia. Akiwa amekaa tu kwenye kigoda, kidole gumba na cha shahada vinasuguana vyenyewe, kama mtu anayesokota tumbaku. Akinyanyua kikombe mkono unatulia. Ndiyo maana wengine tulidhani anafanya makusudi, eti mkono gani huo unatetemeka ukiwa umepumzika na unatulia ukifanya kazi? Baadaye hatua zikawa fupi, anaburuza miguu, mkono wa kulia haupungi anapotembea. Uso ukakauka, watoto wakawa wanasema babu amenuna. Sauti ikapungua mpaka unamsogezea sikio. Halafu siku moja alikwenda kusaini malipo ya tumbaku, karani akakataa saini yake. Ilikuwa imekuwa ndogo, herufi zimebanana kama sisimizi, haifanani na ile ya zamani. Mzee alirudi nyumbani bila hela, na aibu juu.

Tukahangaika, wadau. Alitibiwa malaria, akatibiwa presha, akapewa dawa za vitamini, akaambiwa ni uzee. Tukaenda kwa mganga, akasema kuna jirani ana kijicho. Akachanjwa chale, mbuzi akaondoka na hela ikaondoka. Kibaya zaidi, baada ya muda maneno mtaani yakageuka. Mwanzo walisema karogwa, baadaye wakaanza kunong'ona kwamba yeye ndiye mchawi, anatetemeka kwa sababu mambo yake yamemrudia. Si mnajua mikoa yetu, kuanzia Tabora mpaka Kanda ya Ziwa. Wazee wameshauawa kwa tuhuma za namna hii, hasa kina mama. Mama yangu alikuwa halali, akisikia mbwa anabweka anaamka.

Tulipompeleka mjini, hospitali moja, tulikutana na daktari kijana tu. Hakumpima damu kwanza. Alimwambia atembee kutoka kwenye benchi hadi mlangoni na kurudi. Akamwangalia anavyogeuka. Akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, akaona vinachoka na kupungua kadiri anavyoendelea. Akamshika kiwiko akakikunja na kukikunjua taratibu, akaniita nami nishike: mkono ulikuwa unakwenda kwa kukwamakwama, kama unazungusha gurudumu lenye meno. Akampa kalamu aandike jina lake. Akauliza kuhusu usingizi, choo, na kama bado ananusa harufu ya chakula. Dakika kama ishirini hivi. Halafu akaandika: Parkinson.

Nikabaki najiuliza, huyu Parkinson ni nani? Ni mdudu, ni mji, ni mtu? Nikaingia mtandaoni. Cha kwanza nikakutana na picha ya mzee mwenye ndevu nyingi, koti zuri, imeandikwa ndiye yeye. Nikaihifadhi kwenye simu. Kumbe siyo! Parkinson alifariki mwaka 1824, kabla upigaji picha haujaenea duniani, na hakuna picha wala mchoro wa sura yake unaojulikana kwa uhakika. Zile picha ni za watu wengine wenye jina kama lake. Basi nikaacha kutafuta sura, nikaanza kufuatilia maisha yake. Niliyoyapata ndiyo haya.

MTOTO WA MTAA MMOJA

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 huko Hoxton, wakati huo pembezoni mwa London. Baba yake, John, alikuwa mtabibu wa mtaani, yule anayetibu, anayepasua jipu, na anayechanganya dawa mwenyewe. James alijifunza kazi kwa baba yake, kama fundi anavyomfundisha mwanawe, na akapata muda mfupi kwenye Hospitali ya London mwaka 1776. Baba alipofariki mwaka 1784, yeye akarithi wagonjwa na nyumba. Akaoa mwanamke aliyeitwa Mary Dale, wakapata watoto, na mmoja wao, John, naye akawa daktari akafanya kazi pamoja na baba yake.

Huyu bwana hakuhama. Alibatizwa, akaoa na akazikwa kwenye kanisa lilelile la Mtakatifu Leonard, Shoreditch. Kwa karibu miaka 70 alipita mitaa ileile, akiona sura zilezile. Alimjua fulani alipokuwa kijana ananyanyua magunia, na akamwona tena mzee anaburuza mguu. Daktari anayezunguka vituo kila mwaka hawezi kuona hivyo. Mimi naamini hapo ndipo siri yake ilipo.

Lakini hakuwa mtu wa jambo moja. Mwaka 1777, kijana wa miaka 22 tu, alipewa nishani ya chama kimoja cha kuokoa maisha kwa kusaidia kumrudishia uhai mtu aliyejinyonga. Mwaka 1785 alihudhuria mihadhara ya John Hunter, daktari bingwa wa upasuaji aliyevuma sana wakati ule, na akaiandika yote kwa hati mkato. Hunter alisisitiza sana wanafunzi waangalie kwanza kwa macho yao, wasitegemee tu yaliyoandikwa na wakale. Naona somo hilo lilimkaa Parkinson kichwani.

MWANASIASA WA KUJIFICHA

Hapa wapenzi wa siasa mtafurahi. Miaka ya 1790 Uingereza ilikuwa inatetemeka yenyewe, maana Ufaransa walikuwa wamempindua mfalme wao na kumkata kichwa. Parkinson alikuwa upande wa wanyonge. Alitaka bunge liwakilishe watu wote na siyo matajiri peke yao, akapiga kelele kuhusu kodi na maskini wanaofungwa. Alikuwa anaandika vijitabu kwa jina la bandia, Old Hubert, yaani Mzee Hubert. Mnaona? Hata enzi hizo watu walikuwa na majina ya kuandikia, kama baadhi yenu humu.

Mwaka 1794 kukazuka habari ya njama ya kumuua Mfalme George wa Tatu kwa mshale wenye sumu, eti urushwe kwa kibunduki cha hewa akiwa ukumbi wa maonyesho. Marafiki wa Parkinson wakakamatwa. Yeye akaitwa mbele ya Baraza la mfalme, na waziri mkuu William Pitt mwenyewe yumo. Alikula kiapo, akawatetea wenzake, akakiri kwamba Old Hubert ni yeye, lakini kwanza alihakikisha kwamba hatalazimishwa kujibu maswali ya kujifunga mwenyewe. Hakushtakiwa. Ingekuwa mbaya angeweza kunyongwa au kusafirishwa Australia, na leo tungekuwa tunauita ugonjwa huu jina lingine.

Baada ya hapo akapunguza siasa, akageukia afya za watu. Aliandika vitabu vya kawaida vya kuwasaidia watu wa nyumbani na vijijini wajue ugonjwa gani wa kukimbilia kwa daktari. Alikuwa daktari wa nyumba ya maskini ya parokia yake. Mwaka 1805 aliandika kitabu kuhusu jongo, ugonjwa uliomsumbua yeye mwenyewe. Mwaka 1812, pamoja na mwanawe, alieleza habari za mtoto aliyefariki kwa kidole tumbo kilichotoboka, na hiyo ni moja ya taarifa za mwanzo kabisa kwa Kiingereza kuhusu jambo hilo.

Nisimfanye malaika. Hoxton ilikuwa na nyumba za kufungia watu waliosemekana wana wazimu, na yeye alikuwa akihudumu huko. Mwaka 1810 alilaumiwa vikali kwenye kesi moja kwa kuweka saini ya kumfungia mwanamke bila uchunguzi wa kutosha. Mwaka uliofuata akaandika kuhusu sheria ya nyumba hizo, akijitetea, na pia akipendekeza namna ya kuwalinda wagonjwa. Kwa hiyo naye alijua daktari akimtazama mtu vibaya, mtu anaumia.

Na kipindi chote hicho burudani yake ilikuwa mawe! Alikusanya mabaki ya wanyama na mimea ya kale yaliyogeuka mawe, akatoa vitabu vitatu vikubwa kati ya 1804 na 1811, na mwaka 1807 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Jiolojia cha London. Wakati wa uhai wake alisifika zaidi kwa mawe kuliko kwa ugonjwa. Kuna konokono wa baharini wa kale aliyepewa jina lake.

WATU SITA

Sasa tufike penyewe. Mwaka 1817, akiwa na miaka 62 hivi, alichapisha kijitabu cha kurasa 66 kuhusu ugonjwa aliouita kupooza kwa kutetemeka. Kijitabu chote kimesimama juu ya watu sita. Sita tu!

Wa kwanza alikuwa mkulima wa bustani, mtu wa zaidi ya miaka 50, asiyelewa. Ulimwanzia mkono wa kushoto, naye akadhani ni kwa sababu alifanya kazi ngumu siku kadhaa kwa mkono ule. Niliposoma hapo nilimkumbuka sogokuru, maana naye mwanzo alisema ni kufunga mitumba ya tumbaku.

Wa pili Parkinson alikutana naye barabarani. Alikuwa mzee wa miaka 62, aliyetumika miaka mingi kwenye ofisi ya hakimu. Alikuwa ameinama, anakanyagia ncha za miguu, na bila fimbo angeanguka kila hatua. Wa tatu pia alikuwa wa barabarani, baharia wa zamani mwenye miaka 65 na mwili wa nguvu. Yeye alilaumu gereza la Hispania, ambako alilala miezi kadhaa kwenye udongo mbichi. Kila mtu na sababu yake, wadau. London hawakumtaja jirani, walitaja kazi, baridi na gereza. Binadamu akiugua lazima atafute wa kumlaumu.

Wa nne alikuwa mtu wa miaka 55 aliyekuja kwa sababu ya jipu kifuani, kutetemeka ikaonekana palepale, halafu akahama asionekane tena. Wa tano Parkinson hakuongea naye kabisa, alimwona kwa mbali tu. Yule bwana alikuwa hawezi kuanza kutembea. Msaidizi alisimama mbele yake, akamwekea mikono mabegani, wakayumba kidogo mbele na nyuma, kisha mzee akaanza, na akianza ni mbio, msaidizi anarudi kinyumenyume asije akaanguka. Wa sita alikuwa mzee wa miaka 72, aliyeugua zaidi ya miaka kumi. Huyu alipata kiharusi upande mmoja, na upande ule ukaacha kutetemeka mpaka nguvu zilipoanza kurudi, na kutetemeka nako kukarudi.

Madaktari kabla yake walishaona watu wanaotetemeka, na wengine wanaokimbia wakitaka kutembea. Waliviona kama vitu mbalimbali. Yeye ndiye aliyeunganisha: mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mgongo unaoinama, hatua zinazogeuka mbio, udenda, choo kigumu, usingizi mbaya, yote ni ugonjwa mmoja unaokwenda polepole miaka mingi. Na hakuwa na eksirei wala mashine ya ubongo. Hata kile kifaa cha kusikilizia kifua kilikuwa ndiyo kwanza kimebuniwa Ufaransa, mwaka 1816.

Alikosea wapi? Alikosea pia, tuseme ukweli. Alidhani tatizo liko juu ya uti wa mgongo, penye shingo. Tiba aliyopendekeza ilikuwa kutoa damu shingoni na kuweka malengelenge, kitu ambacho hakikumsaidia mtu. Tofauti yake na baadhi ya waganga wetu ni kwamba alikiri wazi anakisia. Hakuwa amefungua maiti hata moja ya mgonjwa huyu, na aliwaomba wenzake wachunguze zaidi. Alisema pia akili ya mgonjwa haiguswi. Leo tunajua kwa baadhi ya watu, hasa ugonjwa ukikaa miaka mingi, kumbukumbu na hali ya moyo huguswa.

Parkinson alipata kiharusi Desemba 1824, kikamchukua sauti na upande wa kulia, akafariki tarehe 21. Alikufa bila kujua jina lake litakuja kutamkwa hospitalini kila siku. Aliyelibandika ni daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot wa Paris, miaka zaidi ya 40 baadaye. Charcot aliona kwamba si wagonjwa wote wanaotetemeka, na kwamba wepesi wa mwili unapotea hata kama nguvu zipo, kwa hiyo jina la kupooza kwa kutetemeka halikumfaa kila mgonjwa. Akasema ugonjwa upewe jina la yule aliyeueleza.

KUTOKA LONDON MPAKA KWENYE KIGODA CHA BABU

Karne ya 20 ndiyo ilionyesha kilichoko ndani. Chini katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo nyeusi yenye chembe zinazotengeneza kemikali inayoitwa dopamini. Dopamini ndiyo inayolainisha mwendo, kama mafuta kwenye mnyororo wa baiskeli. Kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hizo zinakufa kidogokidogo, na dalili zinapojitokeza nyingi zimeshakwisha. Mwaka 1960 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba ubongo wa wagonjwa umepungukiwa dopamini. Dopamini yenyewe ukiimeza haiingii ubongoni, ikatafutwa malighafi yake inayoingia, yaani levodopa. Mwaka 1961 wagonjwa wa kwanza walidungwa, na mwaka 1967 George Cotzias huko Marekani akaonyesha vidonge vikubwa vilivyopandishwa polepole vinawainua watu.

Kwa nini chembe zinakufa? Kwa wengi sababu haijulikani. Umri ni jambo kubwa, wengi ni zaidi ya miaka 60, ingawa vijana wapo. Kwa wachache ni kurithi. Na wakulima wenzangu sikieni hili: watu waliofanya kazi muda mrefu na baadhi ya viuatilifu na dawa za magugu, parakwati ikiwemo, wameonekana kuwa kwenye hatari zaidi. Tunaopulizia bila glovu wala kitambaa puani tujitazame. Hauambukizi, haurithiwi kwa kugusana, na hauletwi na mtu. Wengi tuliusikia kwa Muhammad Ali, aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, akaja Dar es Salaam mwaka 1980, na akaambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984. Ila usidhani ni ugonjwa wa mabondia. Babu yangu hajawahi kupiga mtu ngumi.

Sasa kipimo. Hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Mpaka leo ugonjwa huu kwa kawaida unatambuliwa vilevile alivyofanya Parkinson, kwa macho, mikono na maswali. Daktari anatafuta kwanza wepesi uliopotea, mwendo wa polepole unaozidi kupungua, ukiambatana na mkono unaotetemeka ukipumzika, au misuli iliyokakamaa, au vyote viwili. Mara nyingi unaanza upande mmoja. Zipo mashine za ubongo kwenye hospitali kubwa, husaidia zaidi kuondoa magonjwa mengine. Na dalili nyingine huanza miaka kabla ya mkono kutetemeka: pua haisikii harufu, choo kinafunga, mtu anapiga mateke na kupiga kelele akiwa ndotoni.

Si kila anayetetemeka ana Parkinson. Kuna mtetemo unaokuja mtu akishika kikombe au akiandika, ambao mara nyingi ni wa ukoo, huo ni mwingine. Kuna tezi ya shingo, kuna pombe, na kuna dawa. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na hata moja ya kuzuia kutapika, zinaweza kumletea mtu hali kama hii. Ndiyo maana ukienda kwa daktari beba dawa zote unazomeza, usiache hata moja nyumbani.

Tiba ipo, kuponya kabisa bado. Dawa kuu ni levodopa ikiwa imechanganywa na kabidopa, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tulivyoelekezwa sisi: inamezwa kwa saa maalumu, na inashika vizuri ikimezwa nusu saa hivi kabla ya kula, maana nyama, maharage na maziwa vinaweza kuizuia. Usiiache ghafla, ni hatari. Baada ya miaka inaweza kuanza kuisha nguvu kabla ya saa ya kidonge kingine, au kuleta kujinyonganyonga kwa mwili, hapo daktari anapanga upya. Mazoezi nayo ni dawa. Sogokuru akikwama mlangoni tunamchorea mstari chini kwa mkaa, anauruka, anaendelea. Sikuamini mpaka nilipoona.

Kuna mdau atauliza kuhusu upupu. Ndiyo, ule upupu wetu wa kuwasha. Mbegu zake kweli zina levodopa ya asili, na India waliutumia tangu zamani. Lakini mbegu haina kipimo kilichoandikwa. Leo kidogo, kesho nyingi, mzee anatapika au presha inashuka anaanguka. Usimpikie mtu uji wa upupu kwa sababu umesoma humu.

Na msiseme ni ugonjwa wa Ulaya. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwenye watu zaidi ya 160,000, na mwaka 2008 wakachapisha waliyoyakuta. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mpaka watafiti walipobisha hodi. Ulyankulu nani atabisha? Madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini ni wachache, na dawa kijijini ni ya kutafuta.

Ndiyo maana nimeandika. Habari iliyochapishwa London mwaka 1817 imefika kwenye kigoda cha babu yangu baada ya miaka 200 na ushee. Msafara wa punda na wapagazi kutoka pwani ulifika Tabora kwa miezi. Lakini kile alichotumia Parkinson tunacho hapahapa, hakihitaji umeme. Mwangalie mzee wako anavyotembea. Mkono mmoja haupungi? Saini imekuwa ndogo? Anashindwa vifungo vya shati? Mkono unasokota ukiwa umetulia? Andika umeona nini na tangu lini, mpeleke hospitali, na usikubali jibu la uzee mpaka daktari amwone anatembea.

Sogokuru hajapona. Kuna siku mbaya, kuna saa kidonge kinachelewa anakuwa kama gogo. Bei ya dawa inatutoa jasho, mjomba na mama wanachangiana. Lakini anafunga vifungo mwenyewe, na mwezi uliopita alisoma somo kanisani, kwa sauti ndogo ila watu walisikia. Baada ya ibada mama yangu alisimama akawaeleza waumini jina la ugonjwa na chanzo chake. Baadhi ya waliokuwa wananong'ona walikuja kumshika mkono, ule unaotetemeka. Wengine hawakuja, nawajua.

Tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa Parkinson, ndiyo siku ya ugonjwa huu duniani. Kama una mzee mwenye hali hii, au wewe ni mtaalamu na nimekosea mahali, nirekebishe hapo chini bila kutukanana. Mnaojua dawa inapatikana wapi kwa bei nafuu pande za Tabora, Urambo na Kaliua, semeni, kuna watu wanasubiri.

Nawasilisha.